Kibuyu Kile Kilikuwa Changu, Mkawasi

Mwatate, Jumanne, chai ikiisha

Mkawasi mwanangu,

Pokea salamu za mama yako, nyingi kuliko mistari ya mkonge huku chini, ambayo baba yako ameifanyia kazi tangu ujana na bado hajafika mwisho wake. Nakusalimu mimi kwanza, halafu nakupa za wengine mmoja mmoja, maana ulikuwa hupendi barua ya kusema wote hawajambo. Ulikuwa ukiniuliza, Mama, hao wote ni kina nani?

Basi, baba yako hajambo, ila goti. Asubuhi linamkatalia, mchana linamsamehe. Anakusalimu ingawa hajui kama nakuandikia. Nyanya yako hajambo, masikio ndiyo yameisha, ukimwambia habari ya asubuhi anakujibu habari ya mahindi. Yeye bado anauliza mbona mwalimu haji shule zikifungwa. Tulimwambia, akalia, akasahau, akauliza tena, tukamwambia tena, akalia upya. Sasa tumewacha. Tunamwambia shule haijafunga. Shangazi yako Mshai hajambo, na mdomo wake pia haujambo. Mbuzi wako mweupe amezaa. Mdogo wako Wakesho yuko hapa nyumbani na mimi, mjamzito, na habari yake ndiyo sababu ya barua hii. Nitamfikia. Mimi mwenyewe mwili hauumwi.

Usishangae mwandiko. Ni wa mkono wangu, safari hii sikuandikiwa na mtu. Kile kidogo nilichosoma kwa wamisheni nikiwa msichana kilikuwa kimeota kutu, lakini tangu uende nimeingia gumbaru, darasa la watu wazima, pale shule ya msingi watoto wakishatoka. Ulinisumbua sana niingie, nikakwambia nitaona haya kukaa dawati la watoto, magoti juu kama panzi. Sasa nakaa, na magoti kweli yanapanda juu. Mwalimu ametuambia tuandike barua kwa mtu aliye mbali. Wenzangu wameandikia watoto wao walioko Mombasa na Nairobi. Mimi nilishika kalamu, nikatazama dirisha. Mtu wangu wa mbali ni wewe. Kwa hivyo ile ya darasani nilimwandikia mjomba wako, na hii naandika jikoni.

Mkawasi, nina aibu. Aibu ndogo ndogo nimezizoea, ya kuvaa viatu visivyolingana na ya kutojua kusoma ubao wa hospitali. Hii ya sasa inatembea na mimi mpaka kisimani.

Nianzie kwenye sanduku. Wenzako walimu wa Voi walileta vitu vyako vyote, godoro, jiko la mafuta ya taa, vitabu, na lile sanduku la bati la kufuli. Siku ya kumaliza matanga watu wa ukoo walikaa uani kugawa nguo za marehemu, unajua desturi. Shangazi yako akasema sanduku zito hivi lazima lina vitenge. Akavunja kufuli mbele ya watu. Zikatoka gari za waya. Zikatoka pia za kuchonga, zile za kuzungushwa chini, na kamba zake, manati, mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba ya mkonge, ringi ya baiskeli na kijiti chake, ng'ombe wa udongo waliovunjika pembe, watoto wa gunzi la mahindi, watoto wa mkonge wenye nywele. Mjomba mmoja akacheka, akasema, kumbe mwalimu alikuwa bado yuko nasari. Watu wakacheka na yeye, hata wenye machozi. Halafu shangazi akainua kibuyu chenye shanga, akakishika mbali na mwili wake kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, na kicheko kikakatika. Alinitazama mimi, akakirudisha.

Nikwambie ukweli, hata mimi miaka yote ile sikukuelewa. Mwalimu mzima, hana mume, likizo ikifika wenzake wanakwenda makwao, yeye anakwenda Salaita kumtafuta mzee anayechonga pia. Au anakwenda kwenye laini, zile nyumba za wafanyikazi wa mkonge, anakaa chini kwa mavumbi na Odhiambo, yule aliyetoka magharibi, amwonyeshe namna ya kukunja basi la waya, lenye usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya rangi ya viatu. Ulikuwa unaokota vitu ambavyo watoto wenyewe wangevitupa kesho. Nilipokuuliza ulisema, Mama, hivi vinaisha. Maduka ya Voi sasa yanauza watoto wa plastiki wa nywele za manjano, na msichana akishampata huyo, yule wa mkonge anaingia motoni kuchemsha chai. Nilikujibu, si bora, wa plastiki anaogeshwa.

Lakini niliona pia namna ulivyowafanya watu wazungumze. Mtu mzima, mkali, anayeogopwa na watoto wake, ukimwuliza alicheza nini zamani anakataa kwanza. Sisi hatukucheza, sisi tulichunga. Wewe unanyamaza tu. Halafu mkono wake wenyewe unaanza kuzungusha kamba ya pia hewani, na hajui. Hata mimi uliniuliza. Nikakwambia mimi sikuchezea mtoto wa gunzi, nilipewa mtoto mwenyewe, mjomba wako, akafungwa mgongoni mwangu kabla meno yangu ya mbele hayajarudi. Hukusema pole. Kesho yake ulinitolea singa za mkonge kwenye kikapu ukaniambia, tengeneza sasa. Tukakaa nyuma ya jikoni, nikamsuka nywele mtoto wa mkonge, mimi mwanamke mwenye mvi, na nikamsuka mistari kwa mistari. Mtu alipopita njiani nikamficha chini ya leso. Ulicheka ukasema, Mama, umemfunika uso, atakosa pumzi.

Sasa nafika kwenye kibuyu. Hili wewe unalijua na mimi nalijua, na mpaka Jumapili iliyopita hakuna mtu mwingine aliyelijua.

Wakati wa nyanya yako, mke aliyechelewa kupata mtoto alishonewa kibuyu cha shanga. Alikipaka mafuta ya nyonyo, akakifunga mgongoni, akakibembeleza mpaka mtoto mwenyewe aje. Kanisa lilipokuja likasema hayo ni ya giza, na sisi tukaitikia, ndiyo, ni ya giza, lakini kila mwanamke akabaki anajua mlango wa kubisha kama atalazimika. Kwa hivyo walipokuona wewe unazunguka na watoto wa gunzi na wa mkonge ndani ya kikapu, na huna mume, na miaka inakwenda, watu walisema walivyosema. Na mimi niliyekuzaa nilisema vilevile moyoni. Nilidhani hizo gari na hizo pia ni za kufunikia tu. Nilidhani una shida na unaona haya kuniambia.

Basi nikaona nikusaidie. Nilimwambia baba yako nakwenda matangani Makwasinyi. Hakukuwa na matanga. Nilikwenda kwa mama mzee mmoja anayeijua kazi hiyo, nikarudi na kibuyu kimevaa shanga za kiuno, ndani yake mbegu zinalia ukikitikisa. Nikakifukia ndani ya mfuko wa unga ili watu wasikione, nikakuletea mpaka Voi. Unakumbuka ulivyokitoa kimekuwa cheupe chote, unapuliza unga, unakitazama, unanitazama. Mimi nikaanza kukwambia kwa sauti ya chini namna ya kukifunga. Ukacheka, Mkawasi! Ulicheka mpaka ukakaa chini, mpaka jirani akagonga ukuta akauliza kama ni nyoka. Ukasema, Mama, mimi sitafuti mtoto, mtoto akija atakuja, mimi natafuta michezo. Nilijifunika leso uso mzima. Nilitaka kurudi nyumbani siku ileile. Ulinivua leso polepole ukasema, aliyeshona shanga hizi anajua kazi, na kwa kuwa umekibeba wewe, hiki hakitoki kwangu. Ukakipangusa unga, ukakiweka kwenye sanduku juu ya vitu vyote. Halafu ukapika ugali kwa unga uleule, tukala.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yetu, na mimi nilidhani umekwenda nayo.

Baada ya matanga watu walianza kuja. Sikuwatarajia. Yule muuza nyama wa sokoni, mwenye sauti ya kufukuza mbwa, alikuja ameshika kofia. Akasema, Mama, nasikia mwalimu aliliweka lori langu la waya. Nikamfungulia. Akalichukua, akashika usukani, akalisukuma uani mpaka choo na kurudi, mdomo unanguruma, anabadilisha gia, kwenye kona anainama na kitambi chake. Akamwona baba yako amesimama mlangoni. Akasimama wima, akasema alikuwa anajaribu magurudumu. Baba yako akamwuliza, na breki vipi? Nilipomwambia alichukue, ni lake, alikataa. Alisema, wacha likae na wenzake. Wengine pia walikuja, mmoja kwa ng'ombe wake wa udongo, mwingine kutazama tu. Wote walikuja kwa haya, na wote waliondoka wanaongea kwa sauti. Hapo ndipo nilipoanza kukuelewa kidogo, na wewe huko umeshalala.

Halafu Wakesho akaja. Unajua mimba mbili zimemtoka, ya kwanza ulikuwepo, ya pili alikuwa ameshaanza kufuma soksi. Hii ni ya tatu. Mumewe alimleta akae na mimi mpaka siku zake, na nikamlaza chumba kile chenye sanduku, kwa kuwa ndicho chenye dirisha zuri. Shangazi yako akaja kumwona. Akakaa, akanywa uji, akatazama sanduku, akasema, jamani, mtoto atakaaje tumboni na humu nyumbani kuna watoto wamefungiwa ndani ya bati?

Neno lile lilimwingia Wakesho. Siku hiyohiyo alihamisha godoro sebuleni. Nilimwambia ni michezo, akaniuliza, na kibuyu? Nikaanza kukunja shuka zake. Akasema, Mama, choma tu, dada hatakasirika, dada amekufa. Alisema huku ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, namna unavyoshika sufuria ya moto usije ukaiangusha. Mimi ningemlaumu vipi?

Alhamisi wakaja kina mama wa kanisa, na Mama Righa, kiongozi wao, mbele. Mama Righa si mtu mbaya, ujue. Siku ya kukuzika alinishika kiuno nisianguke. Walijaa sebule, wakaomba, wakanywa chai. Mama Righa akasema wameona ni vyema Jumapili baada ya ibada sanduku lije nyuma ya kanisa, pale panapochomwa majani, lichomwe na vyote vilivyomo, ili Wakesho ajifungue salama. Akaniuliza, au wewe unaonaje?

Nikasema sawa. Neno moja tu, sawa, na nikamwongezea sukari.

Jumamosi nilivitoa vyote juani. Nilivipangusa vumbi kimoja kimoja. Mtu anapangusa kitu cha kuchomwa? Nilimchana yule mtoto wa mkonge. Nilikitoa kibuyu pembeni nikakipeleka chooni nikitupe, nikafika mlangoni, nikarudi nacho. Shangazi alikiona siku ya matanga. Wangekiuliza. Na kama wasingekiuliza, wangebaki nacho kichwani mwao, kikiwa na jina lako.

Jumapili baba yako alilisukuma sanduku kwa wilbaro mpaka kanisani bila kuuliza, akaenda kukaa na wanaume. Ibada ilikuwa ndefu, au ni mimi. Kule nyuma kina mama waliimba, wakalipindua sanduku, vitu vikamwagika chini. Mama mmoja wa kwaya aliona kokoto za mdako ndani ya kitambaa, akarusha moja juu, akazoa zingine, akaidaka, mkono umefanya wenyewe. Wengine wakacheka. Mwingine akasema, haki, hii pia ni kama ya marehemu kaka yangu, ilikuwa inalala usingizi ikizunguka. Mama Righa akawatazama. Kokoto zikarudi chini.

Akasema hivi, nakumbuka neno kwa neno. Marehemu alikuwa msichana mzuri na mwalimu mzuri, lakini alitafuta mtoto mahali pasipofaa. Vyote vimelala sanduku moja, kwa hivyo vyote vitaungua pamoja. Shangazi yako akaitikia, alikuwa anatafuta, nani hajui? Wakesho alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, leso imefunika tumbo, anatazama chini. Mama mmoja akafungua chupa ya soda yenye mafuta ya taa, na harufu ikatoka.

Mkawasi, ningenyamaza. Nilishasema sawa. Lakini niliwasikia wakikuweka mahali ambapo nilikuwa nimekwenda mimi kwa miguu yangu.

Nikasema, kibuyu ni changu.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. Mama Righa akasema, chako vipi, Mama Mkawasi? Nikasema, nilikiendea mimi, Makwasinyi, nikampelekea, na yeye alinicheka. Yeye hakutafuta mtoto. Alikuwa anaweka michezo. Lile lori ni la muuza nyama, mwulizeni, juzi tu amelisukuma kwangu mpaka chooni. Hilo basi ni la Odhiambo wa laini. Huyo mwenye nywele za mkonge nimemsuka mimi, na nilifurahi. Niliongea mambo mengi ambayo hata hayakuulizwa. Nilipomaliza shangazi yako akasema kwa mshangao wa kweli, wewe? Wewe unayesimama mbele kusoma matangazo ya kina mama?

Maana hiyo ndiyo kazi waliyonipa baada ya gumbaru. Nilikuwa nimejivunia sana.

Nikasema, mimi.

Mama Righa alifikiri. Halafu akasema, basi michezo ni ya watoto, irudishwe, na kibuyu kichomwe, na akichome mwenyewe. Nikakichoma. Shanga hazikuungua, zilianguka tu moja moja kwenye majivu. Mbegu za ndani ziliposhika moto zikalia pa pa pa, na shangazi yako akaruka mpaka akapoteza kiatu. Mtu mmoja akacheka, na mimi nikacheka, na nilikuwa nalia wakati uleule, sijui ilionekana vipi. Baadaye Mama Righa akasogea karibu, akaniambia kwa upole, unajua itabidi unipe kitambaa. Kile cheupe cha kichwa, cha kina mama. Nikakifungua nikampa. Nikabaki kichwa wazi mbele ya watu, mvi zote nje. Nilikwenda hivyo mpaka nyumbani nyuma ya wilbaro, nimesahau kama nina leso kiunoni. Mchungaji amesema sitakaribia meza ya Bwana mpaka atakapoona yeye. Matangazo atasoma mwingine.

Baba yako alisukuma njia nzima bila kugeuka. Tulipofika akakaa, akanyoosha goti, akasema, kumbe hakukuwa na matanga Makwasinyi. Nikasema hakukuwa. Akasema, na mimi nilikupa pole, nikakaa siku mbili nimehuzunika na sijui nani amekufa. Halafu akaitisha chai. Ndiyo hivyo baba yako. Lakini tangu siku ile nikisema nakwenda kisimani ananitazama mpaka nipotee.

Kama ingekuwa ni hiyo tu, ya kitambaa na ya watu sokoni kunyamaza nikipita, ningeibeba. Yenyewe ilikuwa haki yangu. Iliyonivunja ni ya Wakesho. Jioni nilimpelekea maji ya kuoga. Hakuyapokea. Alisema, Mama, ulikuwa na mtoto aliyekufa na mtoto aliye hai, ukamchagua aliyekufa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa.

Niliyarudisha maji jikoni. Nimelitoa sanduku chumba kile, nimeliweka kwangu, kando ya kitanda, lakini yeye hata mlango wangu haupiti. Anakula kidogo. Anahesabu mtoto akicheza tumboni, na akitulia kidogo tu ananitazama mimi, na mimi natazama ukuta. Nikiwaza kwamba mtoto huyu naye, sitaki kuandika. Unajua ninachotaka kusema. Wote watajua ni nani aliyezuia moto.

Na sasa aibu iliyo kubwa kuliko zote, ambayo kwako siwezi kuificha. Nilisimama mbele ya watu nikasema ni michezo tu. Nilisema kwa nguvu. Lakini nikilala kando ya lile sanduku, mwanangu, nalitegea sikio. Mimi niliyekutetea, bado nalitegea sikio. Nimejaribu kuomba, na hata maombi nayaonea haya, kwa sababu sijui naomba kwa moyo upi, ule wa kanisa au ule ulionipeleka Makwasinyi. Jana nilikaa nikamtoa mtoto wa mkonge nikamtazama usoni kwa muda mrefu. Hana uso. Ni singa na uzi. Nikamrudisha, nikafunga, na nikaweka mkono juu ya kifuniko.

Nisamehe kwa kuogopa vitu vyako. Nisamehe pia kwamba nilivielewa ukiwa umeshakwenda. Kaburi lako tumelipalilia, mvua imelisawazisha vizuri, simenti bado. Nyanya yako anapelekwa huko mara kwa mara kuota jua. Yeye anadhani ni shamba letu jipya.

Nakuaga sasa, unga unaningoja. Lala salama, Mkawasi wangu, mwalimu wangu. Nakuahidi michezo yako haitachomwa, mimi nikiwa hai. Kila mvua ikipita nitaitoa juani, nitaipangusa, mchwa hawataigusa, na mwenye chake akija kukitazama nitamfungulia na nitageuka upande mwingine ili acheze kwa raha yake. Nikiitwa kwenye meza ya Bwana nitakwenda, nisipoitwa nitakaa nyuma, lakini hivi nitavitunza.

Kuna ombi moja. Barua hii ijibu upesi. Najua mchungaji hapendi tuongee hivi na waliotangulia, lakini nimeshaaibika mbele yake, hili haliongezi kitu. Ila usinijie mimi. Mimi nitangoja zamu yangu, hata ikiwa ndefu. Mwendee Wakesho. Analala sebuleni, upande wa dirisha, akilala mchana ndipo hulala vizuri. Mwambie kwa ile sauti yako ya darasani, ile isiyobishiwa, kwamba hujafungia mtoto wa mtu yeyote popote, na kwamba mama yake hakumchagua mtu. Wewe atakuamini, mimi hanisikii tena. Fanya haraka mwanangu, usingoje shule zifungwe. Mwezi wake ndio huu, na tumbo limeshashuka.

Ndimi mama yako.